Leso Ilizaliwa kwa Mkasi

Wiki mbili sasa niko na mkasi mezani na leso nne za nyanya, na sijakata hata moja. Zimechakaa katikati, lakini pembeni bado ziko sawa. Nataka kuzishona ziwe shuka dogo la kujifunika kwenye kochi. Mama anasema kukata leso ya marehemu ni kukosa adabu.

Basi nikaenda kusoma leso yenyewe ilitoka wapi. Kumbe ilianza na kukatwa.

Jina ni la Kireno, lenço, yaani kitambaa cha mkononi. Katika karne ya 19 vitambaa hivi vilifika Mombasa na Unguja vikiwa vimeungana kwenye jora, muuzaji anakukatia kimoja kimoja. Simulizi ya Pwani ni kwamba wanawake waliona mbali zaidi. Walinunua sita kwa pamoja, wakakata katikati wakapata vipande viwili vya vitatu vitatu, wakavishona ubavu kwa ubavu. Ikatoka nguo moja pana ya kujifunga. Wafanyabiashara walipoona hivyo, wakaanza kuleta nguo nzima isiyo na mshono: pindo kuzunguka, mji katikati, na baadaye jina, yale maneno tunayosoma mgongoni mwa mtu kwenye foleni.

Na haikuwa urembo tu. Merikani, pamba ngumu kutoka Marekani, na kaniki nyeusi ndizo zilizokuwa nguo za watumwa. Utumwa ulipigwa marufuku Unguja mwaka 1897, na Pwani ya Kenya 1907. Kwa mwanamke aliyetoka huko, kuchagua rangi yake mwenyewe dukani kulikuwa na uzito. Hizo rangi zilisema mimi si mali ya mtu.

Kwa hivyo nyanya alikuwa anavaa kitu kilichoanza kama viraka, na hakuna aliyekiita cha maskini.

Hesabu yangu ni hii. Naosha leso, napiga pasi, nakata miraba 48 ya inchi 7. Mshono unameza nusu inchi kila upande, inabaki 6. Nane kwa nane nashona mistari sita, napiga pasi mishono ilale, halafu ndio naunganisha mistari. Sehemu iliyochakaa siitumii, itapasuka tu. Nyuma naweka pamba nyeupe.

Jana nilimpigia Mama nikamweleza yote, ya Wareno na ya vitambaa sita. Akanyamaza kitambo, nikadhani simu imekatika. Halafu akauliza, "Ile nyekundu utaiweka wapi?"

Nikamwambia katikati.

"Na jina lake usilikate."

Sawa Mama. Huo utakuwa mstari mmoja mrefu, bila miraba. Nitapiga hesabu upya, halafu leo jioni nikate.