Kutoa Upepo wa Klachi

Miongoni mwa istilahi zilizozaliwa gerejini, mbali na meza za wanakamusi, hii ya kutoa upepo yastahili kutazamwa kwa makini. Maana Waingereza, ambao motakaa zilitufikia pamoja na majina yao ya viungo vyake, kazi iyo hiyo huiita kwa neno la tabibu atoaye damu, na mafundi wetu, ijapokuwa klachi, gia na silinda wamezipokea bila ubishi, wengi wao hapo walishika njia yao wenyewe.

Kwanza tuufahamu mtambo. Katika gari yenye klachi ya mafuta (ile ya waya haimo katika maneno haya), mguu ukanyagapo pedeli husukuma pistoni ndani ya masta ya juu. Mafuta ya breki yaliyomo hupita katika mrija mwembamba hata masta ya chini, iliyopo kwenye giaboksi, nayo hutia nguvu ya kuiachanisha sahani ya klachi na injini. Hayo huwezekana kwa kuwa kimiminiko kilichofungiwa hakikubali kubanwa ila kwa uchache usiohesabika, na shinikizo lililotiwa upande mmoja huenea pande zote sawasawa, kanuni aliyoibainisha Mfaransa Blaise Pascal katika karne ya 17. Hewa haina tabia hiyo. Povu likijificha mrijani, nguvu ya mguu huishia kulifinya; pedeli huzama kama mguu topeni, masta ya chini haipati mwendo wake kamili, klachi haiachii, na gia, hasa ya kwanza na ya kurudi nyuma, hulia na kugoma kuingia.

Amma neno lenyewe. Kutoa damu si jambo geni kwetu: watu wa pwani wameumika kwa chuku tangu zamani, na lau mfasiri angeifuata kamusi yake kwa uaminifu, huenda leo tungeambiwa tuiumike klachi. Ingekuwa tafsiri, walakini isingekuwa maana. Kwani muumishi akusudiacho kukitoa ni damu yenyewe, ilhali hapa mafuta ndiyo damu, na kitakiwacho kutoka ni kile kilichojipenyeza ndani yake. Mwingereza ametaja tiba, fundi wetu ametaja maradhi, na kwa rai yangu aliyetaja maradhi amemfaa zaidi mwanafunzi.

Mwanachuoni aweza kudai kwamba upepo ni hewa iendayo, na hii iliyonaswa mrijani haiendi popote. Dai ni sahihi, ila limechelewa: gurudumu la baiskeli hujazwa upepo, na mpira uliotoboka hauna upepo, hata neno limekwisha zoea kufungiwa. Dosari iliyo nzito ni nyingine. Kutoa upepo wa tairi ni kulilegeza. Kutoa upepo wa klachi ni kuikaza. Kwa hiyo katika kamusi istilahi hii sharti iandamane na jina la kiungo, isiachwe peke yake.

Tendo hutaka watu wawili, mmoja kitini na mwingine chini ya gari, aliyekwisha kuvika nipeli ya masta ya chini mpira mwembamba ambao ncha yake ya pili imezama katika chupa yenye mafuta kidogo. Wa juu hukanyaga na kushikilia. Wa chini hulegeza nipeli, mafuta yakatoka pamoja na mapovu, kisha huikaza, na hapo tu ndipo mwenziwe aruhusiwapo kuachia, kwa sababu mguu ukitangulia kuinuka, hewa hufyonzwa tena. Huendelea hivyo hata mapovu yakome, huku kopo la mafuta juu likiongezwa lisije likakauka. Mafuta yatokayo hayarudishwi: aghalabu yamenyonya unyevu wa hewa, ambao huyashusha kiwango cha kuchemka; yale ya daraja la DOT 3, ambayo yakiwa mapya hayapaswi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi, yakishapata unyevu kipimo chake hushuka hata 140.

Pedeli ikishakuwa ngumu, kisha baada ya siku chache ikalegea tena, si kazi ya kutoa upepo iliyobaki, bali ya kutafuta uingiapo. Na fundi mzoefu hutangulia kuzikagua raba za masta mbili hizo.