Maskati: Dini Kali na Mashehe wa Siri

Katika soko la Matrah, ukishaipa bahari kisogo na kuingia vichochoro vya ndani, harufu ya ubani wa Dhofar inapungua na inakuja nyingine, kali, ya kukunja pua. Ni mvuje. Muuzaji anauita hiltiti. Bibi mmoja wa Kiunguja niliyefuatana naye alinunua kipande kisichozidi ncha ya kidole, akakifunga kwenye kitambaa cheusi palepale dukani, akakitia mkobani. Kitukuu chake kilikuwa na siku kumi na mbili. "Mwanangu," akaniambia, "huku nako wamo." Hakusema kina nani, nami sikumuuliza.

Nilimkumbuka bibi huyo nilipokuwa nikisoma habari za Salem, mji mdogo wa bandari huko Massachusetts. Mwaka 1692 Wapuriti wa Salem, Wakristo waliovuka bahari kwenda kujenga jamii iliyotakasika, walishikwa na hofu ya uchawi. Watoto wawili wa nyumbani kwa mchungaji walianza kupiga mayowe na kujinyonganyonga. Miongoni mwa wa kwanza kutajwa alikuwa Tituba, mjakazi wa nyumba hiyohiyo. Mahakama ikakubali ushahidi wa mizimu, yaani mtu akisema kivuli cha jirani kimemjia usiku kumbana, basi jirani ana kesi. Watu 19 walinyongwa, na mzee mmoja akakandamizwa kwa mawe mpaka akafa.

Salem hiyo si ngeni kwetu. Merikani, ile nguo nzito ya pamba waliyovaa wakubwa wetu, ililetwa pwani na merikebu za Salem. Mkataba wa biashara baina ya Marekani na Seyyid Said, sultani wa Maskati na Unguja, ulitiwa saini hapa Maskati tarehe 21 Septemba 1833, na balozi mdogo wa kwanza wa Marekani aliyefika Unguja mwaka 1837, Richard Waters, alikuwa mtu wa Salem, mcha Mungu ambaye leo tungemwita mlokole. Wajukuu wa Wapuriti, basi, walifunga bandarini kwetu wakitafuta pembe na sandarusi.

Maskati nayo ilipata Wapuriti wake. Oktoba 1868 Azzan bin Qays, wa tawi la Rustaq la ukoo wa Al Busaidi, aliuteka mji. Aliyekimbia ni sultani Salim bin Thuwaini, kijana ambaye miaka miwili nyuma alimuua baba yake mzazi kule Sohar, na kwa dhambi hiyo hakuwa na wa kumlilia. Waliompandisha Azzan kuwa imamu ni kundi la wanazuoni wa madhehebu ya Kiibadhi na wafuasi wao walioitwa Mutawa, watu wa utiifu na ibada. Kwao utawala haurithiwi kama shamba. Imamu anachaguliwa kwa elimu na uchaji, na akipotoka anaondolewa. Masultani waliokaa Maskati wakihesabu ushuru wa forodha walikuwa, machoni mwao, wafalme tu.

Mji ukabadilika. Tumbaku ikapigwa marufuku, pombe ikapigwa marufuku, ngoma zikanyamaza. Mali za watawala waliopita zikatwaliwa kuwa ni mali ya dhuluma inayopaswa kurudi kwa Waislamu. Matrah na Maskati zilikuwa bandari zilizojaa Mabanyani, Mabaluchi, mabaharia wa kila namna na Waafrika waliokwenda na ngoma zao, kwa hiyo si vigumu kufikiri minong'ono iliyokuwa ikipita usiku. Maofisa wa Kiingereza waliandika juu ya ushupavu wa Mutawa kwa lugha ileile ambayo wengine waliitumia kuwaandika Wapuriti.

Hata hivyo, katika malalamiko yote dhidi ya utawala ule, hukuti vizee wakiburutwa mahakamani kwa uchawi. Dini kali ilikuwepo, tena yenye dola mkononi. Wachawi nao, kwa itikadi za watu, walijaa tele. Salem haikutokea. Kwa nini?

Sababu moja ni ya kisheria: kadhi anataka shahidi wa macho au mtu akiri mwenyewe, na kivuli cha usiku hakiapishwi. Lakini naona sababu kubwa zaidi iko kwa mashehe wenyewe. Kiongozi wa Mutawa, roho ya uimamu wa Azzan, alikuwa Sheikh Said bin Khalfan al-Khalili, mwanasheria, mshairi, na mjuzi wa ile elimu inayoitwa ilimu ya siri: herufi, majina, hesabu zake na talasimu zake. Aliisoma kwa Sheikh Nasir bin Jaid al-Kharusi, aliyejulikana kwa jina la Nasir bin Abi Nabhan. Baba yake Nasir, Abu Nabhan, aliyefariki 1822, naye aliogopwa kwa hayohayo.

Hofu hii ilipanda juu badala ya kushuka chini. Salem walimwogopa mjakazi na bibi kizee asiye na ndugu. Maskati, mwenye kuogopa alikuwa sultani. Inasimuliwa katika vitabu vya Waibadhi wenyewe kwamba baada ya kufa Abu Nabhan, jamaa wa sultani waliisumbua familia yake, na Nasir akajibu kwa talasimu. Seyyid Said, aliyekuwa na merikebu za vita na mizinga, hakuipuuza karatasi ya sheikh. Alimweka karibu, akafuatana naye mpaka Unguja, wala hakutaka kumwacha nyuma peke yake. Nasir alifariki Unguja mwaka 1847, na masimulizi yanasema kichwa chake kilikuwa kwenye paja la Seyyid.

Wanazuoni hao walitenga kwa makini: kuna sihiri, ambayo ni haramu na Kurani imeitaja kwa habari za Haruti na Maruti, na kuna siri za majina ya Mungu, ambazo ni elimu. Mpaka baina ya mawili hayo wanaushika wao. Na mtu anayeushika mpaka hana sababu ya kuwasha moto wa msako. Moto huo ungeweza kuunguza maktaba yake mwenyewe.

Uchawi wa watu wa kawaida ukaachwa majumbani, na uko huko mpaka leo. Mtajie mtu wa Maskati mji wa Bahla, mji uliosifika kwa uchawi kule bara, utamwona anatabasamu kidogo au anabadilisha mazungumzo. Wazee wanakusimulia juu ya mughayyab, mtu aliyezikwa na kuliliwa kumbe hakufa. Mchawi kamchukua kwenda kumtumikisha. Msikilizaji wa Kiswahili haelezwi mara mbili. Huyo ni msukule, na kilichozikwa ni gogo la mgomba. Kuna na zari, pepo wanaopandishwa kwa ngoma, na mara nyingi waliokuwa wakizishika ngoma hizo Matrah ni watu wenye asili ya Afrika. Wenye mji wakawaogopa na kuwahitaji kwa pamoja. Tituba angeielewa hali hiyo vizuri.

Uimamu wa Azzan haukuangushwa na mashetani. Uliangushwa na fedha. Unguja ilikuwa ikidaiwa riale 40,000 kila mwaka kwa Maskati, na Azzan hakuzipata; Waingereza nao hawakumtambua. Januari 1871 aliuawa vitani Matrah, na Turki, mwana wa Seyyid Said, akatwaa mji. Khalili alijisalimisha kwa ahadi ya usalama, na haukupita muda akafa mikononi mwa walioshinda. Ngoma zikalia tena. Mjukuu wa Khalili, Muhammad bin Abdullah, alichaguliwa imamu mwaka 1920, akaitawala bara ya Omani mpaka alipofariki 1954.

Sheikh Nasir aliacha kitabu juu ya mimea na dawa zake, na ndani yake mimea inatajwa kwa majina ya Kiswahili. Aliyasikia kwa watu wa Unguja, waganga na wakulima ambao hakuna aliyeandika majina yao. Nyumba nyingi za Maskati leo zina mzee aliyetoka Unguja au Pemba anayeijua miti hiyo, nini cha kuchemsha, nini cha kufukiza, nini cha kumfunga mtoto mkononi. Mwenye mzee huyo nyumbani akae naye jioni hii na kalamu.