Mashine ya presha nyumbani: jifunze kupima kabla hujaogopa namba

Leo siasa tunaziweka pembeni, maana kuna jambo limenikuta mwenyewe na nimeona si vyema nikae nalo. Wengi wenu hapa mna mzee nyumbani mwenye presha, na mashine za kupimia siku hizi zinauzwa kila duka la dawa.

Basi bwana, miaka michache iliyopita nilimnunulia bi mkubwa mashine ya dijitali, ile ya kuvaa mkono wa juu. Nikajiona mtoto mwema kweli kweli. Siku hiyo karudi kutoka soko la Ilala na kapu lake, jasho linamtoka, mimi nikamvalisha mkanda juu ya gauni la mikono mirefu huku tunapiga stori. Mashine ikasoma 178/104. Tukachanganyikiwa! Nikamwambia, "Mama, ongeza kidonge." Akameza. Jioni tukapima tena haraka haraka, bado iko juu, nikampa kingine. Usiku kaamka kwenda msalani, kizunguzungu kikampata, akaanguka na kupasuka juu ya jicho. Kufika zahanati wakampima: 96/58.

Nesi aliniuliza swali moja tu: "Mwanangu, ulimpima mama akiwa amekaaje?" Sikuwa na jibu. Haya ndiyo aliyonifundisha, pamoja na niliyosoma baadaye.

MASHINE INAFANYAJE KAZI
Daktari anayeweka vyombo masikioni anasikiliza sauti za damu, zile alizozieleza Mrusi Nikolai Korotkoff mwaka 1905. Mashine ya nyumbani haisikilizi kitu. Yenyewe inahisi mtikisiko wa mshipa kwenye mkanda wenye upepo. Sasa ukichezesha mkono au ukiongea, unaichanganya. Namba ya juu (SYS) ni nguvu ya damu moyo unaposukuma, ya chini (DIA) ni moyo unapopumzika kati ya pigo na pigo. Ile ya tatu ni mapigo ya moyo kwa dakika, watu wengi wanaichanganya na presha.

KABLA YA KUPIMA
1. Nusu saa kabla, usinywe kahawa wala chai ya rangi, usivute sigara, usifanye kazi ngumu.
2. Nenda kwanza haja ndogo. Kibofu kikijaa presha inapanda.
3. Kaa kwenye kiti chenye egemeo, miguu yote chini, usikunje nne. Tulia dakika 5. Simu weka mbali na redio zima.
4. Mkanda ukae kwenye ngozi tupu, sentimita 2 hivi juu ya kiwiko. Mkono ulaze mezani, mkanda uwe usawa wa moyo. Mkono ukiwa sentimita 10 chini ya moyo, namba inapanda kwa 7 au 8 hivi hata kama huumwi kitu.
5. Usiongee mpaka mashine imalize. Na wewe unayempima, usimuongeleshe!

Mara ya kwanza pima mikono yote miwili, halafu endelea na ule wenye namba kubwa.

NAMBA MOJA SI PRESHA YAKO
Hapa ndipo nilipokosea mimi. Presha inapanda na kushuka kutwa nzima. Kinachotakiwa ni hivi: siku 7 mfululizo, asubuhi kabla ya dawa na jioni, kila kikao pima mara 2 ukipumzika dakika 1 katikati. Andika zote kwenye daftari, hata zile mbaya, tena hasa zile mbaya. Za siku ya kwanza ziache. Zinabaki 24, jumlisha za juu ugawe kwa 24, za chini vivyo hivyo. Huo wastani ndio wa kumpelekea daktari.

Kwa vipimo vya nyumbani, wastani wa 135/85 kwenda juu ndio wengi wanauhesabu kuwa presha imepanda. Hospitali mpaka ni 140/90, maana mtu akiona koti jeupe moyo nao unashtuka. Wamarekani wao, tangu mwongozo wao wa 2017, wanaanzia 130/80.

WAKATI WA KUKIMBIA
Ikisoma zaidi ya 180/120, tulia dakika chache upime tena. Ikibaki huko na hujisikii vibaya, muone daktari bila kuchelewa. Lakini kukiwa na maumivu ya kifua, kukosa pumzi, macho kutoona vizuri, ulimi kuwa mzito au upande mmoja kulegea, hapo hakuna cha kupima tena. Hospitali, saa hiyo hiyo. Na mjamzito asisubiri kabisa huko: 140/90 tu inamtosha kwenda kliniki siku hiyo, na kukiwa na maumivu makali ya kichwa aende mbio.

UKIENDA KUNUNUA
Chukua ya mkono wa juu, ya kiganjani inakosea kirahisi. Pima mzunguko wa mkono kwa futi ya fundi cherehani, halafu soma mkanda unafaa sentimita ngapi. Wengi wa kawaida ni 22 hadi 32. Mkono mnene kwenye mkanda mdogo unatoa namba ya juu ya uongo. Kabla hujalipa, tafuta jina la mashine kwenye tovuti ya STRIDE BP, wana orodha ya zilizohakikiwa. Na zile programu za simu za kuweka kidole kwenye kamera, achana nazo.

La mwisho, wadau. Namba ikiwa mbaya usiongeze dawa mwenyewe, na ikiwa nzuri usiache. Mara nyingi ni nzuri kwa sababu dawa inafanya kazi.

Bi mkubwa yupo, anadunda. Kovu juu ya jicho halijafutika, na nikiitoa tu ile mashine ananiambia, "Kaa kimya kwanza." Kama uko kafe na dakika zinakuishia, chapisha ukurasa huu umpelekee mzee. Mwenye swali aliweke hapo chini.