Kitabu Kimoja kwa Mataifa Mawili: Ufaransa na Ujerumani

Baina ya mwaka 1870 na 1945, Ufaransa na Ujerumani zilipigana vita vikuu vitatu, na vitabu vya shule vya kila upande vilimchora jirani kuwa adui. Ndiyo sababu mwaka 1951 wanahistoria wa nchi hizo walikutana, wakapatana juu ya mambo yaliyobishaniwa vitabuni.

Mkataba wa Élysée, uliotiwa sahihi na Charles de Gaulle na Konrad Adenauer tarehe 22 Januari 1963, uliimarisha urafiki huo. Miaka 40 baadaye, bunge la vijana lililokutana Berlin liliomba kitabu kimoja cha historia. Juzuu ya kwanza ilitoka mwaka 2006, ya pili 2008, ya tatu 2011: yaliyomo ni yale yale, lugha ni mbili.

La kuzingatia ni kwamba waandishi hawakuficha tofauti zao. Mathalani, hawakuitazama Marekani kwa jicho moja. Kwa hiyo waliweka bayana mitazamo ya pande mbili, ili mwanafunzi aipime mwenyewe.

Hata hivyo, kitabu hakikuenea mashuleni kama ilivyotarajiwa, kwani mitaala ya majimbo 16 ya Ujerumani haikulingana na ule wa Ufaransa. Hapa pana fundisho kwetu sisi wa Maziwa Makuu, tulio na Kiswahili kivukacho mipaka: maafikiano ya wataalamu hayatoshi yasipoingia katika mtaala, wala lugha moja haileti maelewano ikiwa kila taifa lajisimulia lenyewe tu.