Mama mzungu, mtoto wa kipilipili, na lile swali la "nipige zote?"

Jumamosi moja pale Kirumba nilikuwa wa nne kwenye foleni. Saluni ya kawaida tu: viti viwili, kioo kilichopasuka kona, feni inayolia kuliko kupuliza, na ukutani lile bango mnalolijua wote, vichwa vya Wamarekani weusi vilivyopangwa kwa namba, unachagua kichwa kama unavyochagua jezi. Akaingia mama mmoja wa Kizungu, wa makamo, kanga begani, kamshika mkono mtoto wa kiume mweusi wa miaka minne hivi. "Mwangaluka," akasalimia. Wazee wakaitikia vizuri, sisi vijana tukacheka chini chini. Halafu ukashuka ukimya. Kila mtu anaangalia simu na hakuna anayesoma kitu.

Kinyozi akamnyanyua mtoto, akamkalisha juu ya kile kibao kinachowekwa kwenye mikono ya kiti, akamfunga kitambaa shingoni. "Anko, mambo?" Mtoto akasema poa. Kinyozi akawasha mashine, akamgeukia mama, akauliza swali ambalo mimi nimeulizwa maisha yangu yote.

"Nipige zote?"

"Hapana kaka, nataka zibaki. Zimekuwa ngumu, akichanwa analia. Nisaidie kuziweka sawa, na unionyeshe nazichanaje."

Jamaa akazima mashine. Akakuna kichwa, chake mwenyewe. "Mama, mtoto wa kiume huwa tunanyoa tu."

Nimekuwa nikiwaza sentensi hiyo tangu siku ile. Hadithi ambayo wengi tungeitegemea ni ya mzungu asiyejua nywele zetu, sisi tukamcheka kidogo, tukamfundisha, yakaisha. Lakini pale Kirumba aliyekwama alikuwa fundi wetu, na fundi mzuri kabisa, mimi mwenyewe namwamini kichwa changu kila baada ya wiki mbili. Alikwama kwa sababu ameombwa kitu ambacho hakuna mtu aliyewahi kumfundisha. Ukiuliza kwa nini, utajikuta unarudi nyuma zaidi ya miaka mia.

Tuanze na kwa nini mama kama yule yupo Ilemela na siyo kwao. Kuna watu wanadhani mzungu anashuka Uwanja wa Ndege wa Mwanza Jumatatu na Ijumaa anaondoka na mtoto. Hapana. Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema mgeni anayetaka kuasili mtoto wa Kitanzania lazima awe ameishi nchini miaka 3 mfululizo, na awe amemlea huyo mtoto kwa angalau miezi 3 chini ya macho ya Afisa Ustawi wa Jamii, ndipo shauri liende Mahakama Kuu. Kwa hiyo mtu wa namna hiyo ni jirani yako. Anapanga foleni ya maji na wewe, ananunua sato Mwaloni. Na nywele za mtoto hazisubiri hukumu ya mahakama. Zinaota.

Wazungu kulea watoto weusi ukanda huu wala si habari mpya. Mwaka 1882 wale mapadri tunaowaita White Fathers waliondoka Buganda wakihofia usalama wao kwa Kabaka Mutesa, wakaja huku kusini mwa ziwa pamoja na watoto waliowakomboa kutoka utumwani. Kukomboa maana yake walitoa mali, wakawachukua. Mwaka 1883 wakawa na misheni yao Bukumbi, leo iko wilaya ya Misungwi, mwendo mfupi tu kutoka mjini. Wale watoto walipata chakula, dini, jina jipya la ubatizo na ratiba ya kengele. Sitaki kuwasema vibaya watu waliotoa mtoto kwenye mnyororo. Ila ile haikuwa familia, ilikuwa taasisi, na taasisi yenye watoto wengi ina maadui wawili wa kichwani: chawa na mapunye. Silaha ya bei rahisi dhidi ya wote wawili ni wembe.

Kunyoa hatukuletewa na wamisionari, tuelewane. Waislamu wana akika, mtoto ananyolewa siku ya saba baada ya kuzaliwa. Katika makabila mengi ya kanda hii, msiba ukiisha watu wananyoa. Lakini angalia: kule kunyoa kulikuwa na siku yake na maana yake. Unanyoa kwa sababu kuna mtu amezaliwa au amekufa, halafu nywele zinaachwa zirudi. Kilichokuja na shule ni kunyoa kusikokuwa na siku. Unanyoa kwa sababu ni Jumapili jioni na kesho kuna ukaguzi mstarini. Mimi nilinyolewa na mama yangu uani kwa wembe na povu la sabuni ya kipande, naambiwa nisitingishike, natingishika, nakatwa, napakwa spiriti, nalia upya. Wengi wenu mnanuka hiyo spiriti hadi leo.

Na wasichana je? Shule nyingi za serikali, ukiwa msichana, kichwa kinashuka vilevile. Matokeo yake dada zetu wengi wanakutana na nywele zao wenyewe kwa mara ya kwanza baada ya kumaliza Kidato cha Nne. Na wakikutana nazo tu, enzi zile wanakimbilia kalikiti, siku hizi dawa au wigi. Yaani kutoka upara moja kwa moja hadi singa, hapo katikati hatupajui.

Hayo maneno yenyewe ni historia. Kipilipili ni nywele zetu, zimejikunja punje punje kama mbegu za pilipili. Singa ni zilizonyooka. Neno kipilipili halina ubaya wowote ndani yake, lakini niambie mara ya mwisho umelisikia likitamkwa kama sifa. "Ana nywele nzuri" ukisikia mtaani, hajasemwa mwenye kipilipili.

Serikali nayo iliwahi kuingia kichwani mwetu. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, ikaanza rasmi tarehe 1 Januari 1969. Sketi fupi marufuku, suruali za kubana marufuku, krimu za kujichubua marufuku, na mawigi marufuku. Hoja ilikuwa kulinda utamaduni wetu. Sawa, lakini kumvua dada wigi mtaani si sawa na kumfundisha mtu kutunza kilicho chini yake. Operesheni ilijua isichokitaka, basi.

Halafu ikaja hofu ya kweli. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini waliandikishwa Kagera, upande wa pili wa ziwa letu hili. Wembe wa kuchangia ukawa kitu cha kuogopwa, na kampeni zikawa zinatuambia tusichangie nyembe na vitu vyenye ncha kali. Mashine ya umeme ikapata heshima ambayo mafundi wa chini ya mti, wa mkasi na wembe, hawakuwahi kuipata. Mashine yenyewe si changa: Mmarekani Leo Wahl aliombea hataza mashine yake ya kunyolea mwaka 1919, na jina lake mpaka leo unalikuta limeandikwa kwenye mashine za saluni nyingi hapa mjini, original na feki. Usafi ukapanda. Lakini mashine nayo kazi yake ni ileile, kuondoa. Ina namba moja, namba mbili, ziro. Haina namba ya kutunza.

Na kipilipili zina tabia zake, hili kila mzazi alijue, mweupe kwa mweusi. Kila unywele unatoka kwenye tundu lililopinda, wenyewe umebapa kidogo badala ya kuwa duara. Mafuta ya ngozi hayateremki kwenye mikunjo kama yanavyoteleza kwenye singa, ndiyo maana nywele zetu zinakauka na kukatika. Ukizikata karibu mno na ngozi, ncha inaweza kujikunja na kurudi ndani, unapata vile vipele vya kisogoni na kidevuni ambavyo wanaume weusi tunavijua sana. Na mashine isiyosafishwa inahamisha mapunye kutoka kichwa cha mtoto mmoja hadi cha mwingine bila nauli. Kwa hiyo ukitafuta kinyozi wa mwanao, kabla hujaangalia bango, angalia anafanya nini na mashine baada ya kumaliza mteja.

Sasa, wenzetu Marekani historia ilikwenda kinyume na yetu. Kule ujuzi ulikuwepo, mlango ndio uliofungwa. Kuna jamaa anaitwa Alonzo Herndon, alizaliwa mtumwa mwaka 1858 huko Georgia, akawa kinyozi, akafungua saluni Atlanta ya kifahari yenye kumetameta, akatajirika, mwaka 1905 akaanzisha kampuni ya bima. Vinyozi wake weusi. Wateja? Weupe watupu. Mtu mweusi angeweza kushika mkasi mle ndani lakini si kukaa kwenye kiti. Ndiyo maana baadaye saluni ya mtaa wa weusi, inayonyoa weusi, ikawa mahali patakatifu kwao: mahakama, bunge na kijiwe kwa pamoja. Ile saluni ya kwenye filamu ya Coming to America ya 1988, mnayoirudia kila mwaka, haikutungwa hewani.

Basi mtoto mweusi akilelewa na familia ya wazungu kule, hana wa kumfikisha kwenye kile kiti. Mwaka 1972 chama cha wafanyakazi wa ustawi wa jamii weusi wa Marekani kilitoa tamko kali kupinga watoto weusi kupelekwa kwenye familia za wazungu, kikisema hazitaweza kuwaandaa kuishi kama watu weusi. Ni tamko linalobishaniwa mpaka leo, na mimi nasema lilikuwa na ukali kuliko lilivyohitaji, maana mtoto bila nyumba hali itikadi. Lakini ukimsikiliza Colin Kaepernick, yule mchezaji aliyepiga goti wakati wa wimbo wa taifa lao, utaona hoja yao ilipotokea. Alizaliwa 1987, akaasiliwa na familia ya Kizungu, akakulia California. Alipotaka kusuka twende kilioni kama Allen Iverson, ikawa kesi nyumbani na timuni. Ameitengenezea tamthilia, ikatoka 2021, na mambo ya nywele yako sehemu ya kwanza kabisa. Mtu ana hela, ana umaarufu, ana ugomvi na taifa zima, lakini anapohadithia maisha yake anaanza na kichwa.

Upande wa pili kuna baba mzungu, Joey Mazzarino, aliyekuwa mwandishi wa kile kipindi cha watoto cha Sesame Street. Ameasili binti kutoka Ethiopia. Binti akaanza kutamani nywele za singa, baba akaumia, akaandika wimbo wa mdoli mweusi mwenye kuringia nywele zake. Mwaka 2010 video ikasambaa balaa. Waliolia mbele ya simu zao wengi walikuwa wanawake weusi watu wazima waliolelewa na mama zao weusi kabisa. Hapo ndipo Kirumba na Marekani zinapokutana.

Turudi saluni. Kinyozi wetu hakujidai. Angeweza kupitisha mashine, akachukua hela yake, mama yule angesema ahsante na kulia nyumbani. Badala yake akatoka hadi mlango wa pili, akarudi na dada msusi, mikono imejaa mafuta, kamwacha mteja katikati. Dada akamwinamia mtoto, akashika nywele kwa vidole, akamwambia mama: "Usichane kavu dada'angu. Maji kwanza, mafuta, halafu chanuo la meno mapana, anzia kwenye ncha urudi chini taratibu." Akamshikisha chanuo, akamwekea mkono juu ya mkono. Foleni nzima tumenyamaza tunaangalia somo ambalo hatukuwahi kupewa. Kinyozi naye anaangalia, namwona anameza kila kitu. Kisha akachonga pembeni na kisogoni kwa mashine aliyoifuta kwa spiriti mbele yetu, juu akaziacha.

Katikati ya hayo mzee mmoja akashindwa kujizuia. "Kijana, huyu ni mama yako?" Sauti yenyewe ya upole, lakini maswali mengine hayahitaji ukali. Mtoto akaangalia chini. Kinyozi hakugeuka hata. "Anko," akasema, "mwambie mama yako aangalie hapa pembeni kama pamekaa sawa."

Mama akaangalia. Akasema pamekaa. Mtoto akainua kichwa, akajiona kwenye kioo, akacheka.

Bei ilikuwa elfu moja, ileile ya mtoto yeyote. Mama akataka kuongeza, kinyozi akamwambia ampe dada msusi. Wiki mbili baadaye nikawaona tena. Safari hii mtoto alipanda kibao mwenyewe bila kunyanyuliwa.

Siku ile ya kwanza, walipotoka, foleni ikasogea mpaka ikafika zamu yangu. Nikakaa. Jamaa akanifunga kitambaa, akashika mashine, akasita kidogo, akaniuliza kwa heshima mpya kabisa: "Na wewe bro, tunaziacha?"

Nikajiangalia kwenye kile kioo kilichopasuka. Upara umeshaanza kupanda, wadau.

"Piga zote," nikamwambia.