Kidato, Si "Tofauti ya Kawaida"

Nimeletewa rasimu ya kijitabu cha mashindano ya hisabati, humo nikasoma kwamba 2, 5, 8, 11 ni "mfuatano wa hesabu" wenye "tofauti ya kawaida" 3. Ya kawaida kwa nani? Neno la Kiingereza, common, lina maana mbili, ya kawaida na ya shirika. Wajumbe wa kamati ya istilahi wakaokota isiyohusika, wakaipigia muhuri. Istilahi niliyowapelekea mimi, kidato, ilirudi imekatwa kwa wino mwekundu: eti wanafunzi watadhani ni darasa la sekondari.

Na hilo darasa jina lilitoka wapi? Kidato ni pengo analochanja mkwezi kwenye shina la mnazi apate pa kukanyaga. Akichanja kimoja karibu na kingine mbali, ataumia yeye. Hivyo vidato huachiana nafasi sawa, na mfuatano wetu ndio huo mzima: pa kuanzia, na nafasi isiyobadilika. Shule iliazima neno hilo bila kuomba ruhusa ya kamati. Hisabati ikiliazima imekosa nini? Nayo "hesabu" ya wajumbe ni hisab ya Kiarabu, kuhesabu basi. Mfuatano gani wa namba usiohesabika? Pacha wake, "mfuatano wa jiometri", hauna pembe wala duara.

Matumizi ni mepesi: mfuatano wa vidato, kidato chake 3.

Kijitabu hichohicho kina swali zuri. Pembetatu mraba ina eneo 150, na urefu wa pande zake ni mfuatano wa vidato; tafuta pande hizo. Ziwe a − k, a na a + k, k ikiwa kidato. Kanuni ya Pythagoras inatupa a² = 4ak, yaani a = 4k. Pande ni 3k, 4k, 5k: ileile tatu-nne-tano ambayo fundi mwashi hupimia kona ya msingi kwa kamba. Eneo ni 6k² = 150, basi k = 5, na pande ni 15, 20 na 25.

Sasa chora ndani yake duara linalogusa pande zote tatu. Nusu kipenyo ni (15 + 20 − 25) ÷ 2 = 5. Kidato chenyewe kimekaa katikati ya pembetatu! Waheshimiwa wajumbe watuambie, hapo pana ukawaida gani?