Jina la kanga

Jina la kanga (pia: msemo au ujumbe wa kanga) ni maneno mafupi yanayochapwa kwenye kanga, vazi la wanawake wa pwani ya Afrika Mashariki ambalo nchini Kenya hujulikana zaidi kama leso. Kanga ina sehemu tatu: pindo, yaani ukingo unaozunguka nguo pande zote nne, mji, yaani uwanja wa katikati, na jina, ambalo hukaa ndani ya mji, juu kidogo ya pindo la chini. Makala hii inahusu hasa Bagamoyo na pwani ya Mrima inayotazamana na Unguja.

Asili

Bagamoyo ilikuwa mwisho wa njia ya misafara kutoka Tabora na Ujiji. Huko bara nguo ilitumika kama fedha: merikani, nguo nyeupe ya pamba kutoka Marekani, na kaniki, ya rangi iliyokolea, zililipia hongo na chakula cha wapagazi. Nguo hizo hizo zisizo na urembo ndizo walizovaa watumwa. Kanga ilipotokea katika nusu ya pili ya karne ya 19, wanawake waliotoka utumwani waliipokea kwa hamu, maana kwa kuchagua rangi na nakshi walionyesha kwamba hawakuwa tena mali ya mtu. Katika Tanganyika utumwa ulifutwa kisheria mwaka 1922 tu.

Inasimuliwa kwamba kanga za kwanza zilikuwa leso sita zilizoungwa pamoja. Neno leso limetokana na Kireno, na kanga ni ndege mwenye madoa. Maneno yaliongezwa baadaye, kwanza kwa herufi za Kiarabu, kisha za Kilatini. Anayetajwa sana ni Kaderdina Hajee Essak, mfanyabiashara wa Mombasa, ambaye kanga zake zina alama ya "Mali ya Abdulla". Kwa muda mrefu kanga zilichapwa Ulaya, India na Japani. Kiwanda cha Urafiki, Dar es Salaam, kilifunguliwa mwaka 1968 kwa msaada wa China.

Matumizi

Kanga huuzwa kwa doti, yaani vipande viwili vyenye jina moja, ambavyo mnunuzi huvikata na kuvipinda. Mnunuzi mzoefu husoma jina kabla ya kuuliza bei. Doti yenye rangi nzuri na jina la ugomvi haifai kumpelekea mkwe, na ile ya "Wema hauozi" inafaa karibu popote.

Jina husema pale ambapo mdomo hauruhusiwi. Mke mwenza, jirani au wifi anaweza kupelekewa maneno makali kwa kupita tu mbele ya mlango wake. Akilalamika, mvaaji hujibu kwamba alipenda rangi. Jibu hilo si la mzaha: jina halikutungwa na mvaaji, halimtaji mtu, na anayekasirika amekwisha kukiri kwamba limemhusu. Hata hivyo kinga hii ina mipaka. Wasomaji wote mtaani wanajua nani hasemi na nani, na kanga moja inaweza kuchochea ugomvi unaofikishwa kwa wazee.

Kuna pia nyakati ambapo jina hunyamaza. Bibi arusi huvaa kisutu, kanga nyekundu, nyeupe na nyeusi, ambayo hutambulika kwa nakshi yake. Katika sare za harusi linaloangaliwa zaidi ni kufanana. Kanga ya mbeleko huchaguliwa kwa ulaini.

Katika sanaa

Wachezaji wa ngoma hufunga kanga kiunoni kama kibwebwe, jambo linaloonekana pia jukwaani katika Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo (TaSUBa), iliyoanza mwaka 1981 kama Chuo cha Sanaa. Lubaina Himid, msanii wa Uingereza aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1954 na kushinda tuzo ya Turner mwaka 2017, amechora picha zinazofuata mpangilio wa kanga: pindo, mchoro wa katikati na maneno chini yake.